Kidole tumbo kinapokuwa na ugonjwa usio wa kawaida: mwongozo wa kuutambua kwa utrasaundi, CT na MRI

Mgonjwa ameletwa akiwa ameshika tumbo chini upande wa kulia. Fomu imeandikwa "apendiksi?" na daktari wa upasuaji anasubiri jibu la ndiyo au hapana. Mara nyingi jibu hilo linatosha: kidole tumbo kimevimba, kitolewe. Lakini wapo wagonjwa wachache ambao kidole tumbo chao kimenenepa kwa sababu nyingine kabisa. Kimejaa ute, au kina uvimbe nchani, au ukuta wake umejaa mayai ya kichocho, au kimeingia kwenye ngiri. Kwa hawa, ripoti inayosema "apendiksi" na kuishia hapo inaweza kubadilisha maisha yao vibaya, kwa sababu mfuko wa ute ukipasuka mikononi mwa mpasuaji asiyejua alichokishika, ute huo unaweza kusambaa tumbo zima.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wanaoshika probu (kifaa cha utrasaundi kinachogusishwa mwilini) kila siku, madaktari wa hospitali za wilaya na mikoa wanaosoma CT (picha za vipande vipande za eksirei) bila bingwa wa radiolojia karibu, na wanafunzi wa tiba. Ukiona kidole tumbo kinene, usiandike chochote mpaka ujue kwa nini ni kinene.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupaka jeli

Dakika mbili za maswali zinakusaidia kuliko mashine mpya. Uliza umri, kwa sababu mtu aliyevuka miaka 40 mwenye dalili za kidole tumbo anahitaji jicho la tahadhari zaidi. Uliza maumivu yameanza lini: ya jana yana maana moja, yanayokuja na kuondoka kwa miezi yana nyingine. Mwanamke muulize kama maumivu hufuata hedhi, na kipimo cha mimba kifanyike kwa kila aliye katika umri wa kuzaa, hata akisema hana ujauzito, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi hujifanya apendiksi vizuri sana. Uliza alikokulia na maji aliyokuwa akioga. Uliza kupungua uzito, kutoka jasho usiku, na kifua kikuu nyumbani.

Kisha mtazame. Kovu la upasuaji chini kulia lisikufanye ufunge faili, nitaeleza kwa nini. Na uguse kinena pande zote mbili.

Hatua ya 2: Utrasaundi yenye subira

Mbinu tunayotumia, ya kubana taratibu kwa probu, ilielezwa na Julien Puylaert wa Uholanzi mwaka 1986, na bado haijapata mbadala. Anza na probu ya duara kuangalia figo, nyongo, kibofu na kizazi, ili usikose jambo kubwa lililo mbali na maumivu. Halafu badilisha, chukua probu nyofu ya masafa ya juu, kati ya megahezi 7 na 12. Kwa mtu mnene rudi kwenye probu ya duara.

Mwombe mgonjwa aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi. Tafuta utumbo mpana unaopanda upande wa kulia, ufuate ukishuka mpaka sekamu, yaani kile kifuko utumbo mpana unapoanzia. Bana kidogo kidogo kila anapotoa pumzi, na uachie polepole. Ukiachia ghafla atakaza tumbo na hutaona kitu tena. Ukibana vizuri utaona msuli wa soasi na mishipa mikubwa ya damu ya nyonga. Kidole tumbo mara nyingi hulala juu yake au karibu. Usikichanganye na mwisho wa utumbo mwembamba: huo husukuma chakula ukiutazama, na hauishii njiani. Kidole tumbo kimetulia na mwisho wake umeziba.

Kisipoonekana, mlaze kwa ubavu wa kushoto, kwa sababu vingi hujificha nyuma ya sekamu. Au weka mkono wako wa kushoto nyuma ya kiuno chake na usukume mbele huku ukibana kwa probu. Kilichoshuka kwenye nyonga kitafute kibofu kikiwa na mkojo kiasi, au kwa probu ya ukeni kwa mwanamke aliyeridhia.

Ukikipata, kifuate kuanzia shina mpaka ncha. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharakisha. Tunaona sentimita tatu za mwanzo ziko sawa, tunaandika "kawaida". Uvimbe mwingi wa kidole tumbo hukaa nchani, na hata uvimbe wa kawaida wa usaha huweza kuanza huko peke yake. Kama ncha hukuiona, andika kwamba hukuiona.

Hatua ya 3: Lini uende CT, lini MRI

CT ndiyo kipimo chenye uwezo mkubwa kwa mtu mzima, hasa utrasaundi ikikuacha na shaka, au ikionyesha kitu kikubwa kuliko ulivyotarajia. Hakikisha kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, iko sawa, choma kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) mshipani, piga picha sekunde 70 hivi baada ya kuchoma. Anzia kwenye kiwambo cha kupumulia na ufike chini ya kinena, kwa sababu ute wa kidole tumbo hupanda hadi juu ya ini na kidole tumbo chenyewe huweza kuwa ndani ya ngiri. Vipande visizidi milimita 3, na uvitazame pia kwa mkato wa mbele. Kama kontrasti haipo, bado utaona chokaa, kijiwe, gesi iliyotoroka na mafuta yaliyochafuka, yaani yaliyoingia ukungu kwa sababu ya uvimbe ulio karibu.

CT ya tumbo hutoa mionzi ya takriban milisiveti 8, wakati wastani wa mionzi ya asili duniani ni 2.4 kwa mwaka. Si sababu ya kumnyima mgonjwa anayehitaji, ila ni sababu ya kuanza na utrasaundi kwa watoto. Mjamzito apate utrasaundi, kisha MRI (picha za sumaku, zisizo na mionzi) bila gadolinium, ile kontrasti yake. Kama MRI haipo na maisha yake yako hatarini, CT inaruhusiwa. Mama akifa hakuna mimba iliyookolewa.

Hatua ya 4: Pima, kisha uliza kuna nini ndani

Pima unene kutoka nje hadi nje ya ukuta. Kwa utrasaundi, kinachozidi milimita 6 na kisichobanika kinatia shaka. Kwa CT usiwe mtumwa wa namba hiyo: kidole tumbo chenye afya kinaweza kufika hata milimita 10 kikiwa na gesi au kinyesi, mradi mafuta yaliyokizunguka ni safi. Namba inayopaswa kukushtua ni 15. Ukipima milimita 15 au zaidi, hasa kwa mtu ambaye haumwi sana, fikiria ute kwanza.

Mukosili ni kidole tumbo kilichotanuka kwa kujaa ute. Mara nyingi nyuma yake kuna uvimbe wa chembe zinazotengeneza ute, mwingine mpole, mwingine saratani kamili. Kwa utrasaundi unaona mfuko mrefu wenye umbo la peasi au soseji, unaotoka kwenye sekamu. Ndani si peusi kabisa. Pana mistari myembamba myeupe iliyopangana kama maganda ya kitunguu. Nyuma ya mfuko mwangwi unaongezeka, yaani panang'aa zaidi. Wakati mwingine ukuta una upinde mweupe unaotupa kivuli, nayo ni chokaa. Ukibana, haubonyei, lakini mgonjwa halalamiki sana, na mafuta ya pembeni yako kimya. Ukubwa huo na utulivu huo kwa pamoja ndiyo alama yenyewe.

Kwa CT chokaa iliyofuata mkunjo wa ukuta inasaidia sana ikiwepo, lakini kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa haipo, hivyo kukosekana kwake kusikutulize. Kilichomo kinaweza kupima kama maji au kuzidi kidogo. Kagua ukuta kwa makini: vinundu vinavyong'aa baada ya kontrasti, au unene usio sawa, vinaelekeza kwenye saratani, ingawa ukuta laini hauondoi shaka.

Kisha toka nje ya kidole tumbo uusake ute uliotoroka. Tazama pembeni mwa sekamu, mifereji ya pembeni mwa utumbo mpana, chini ya kiwambo, nyuma ya kizazi, na kingo za ini na wengu. Maji ya kawaida tumboni huzunguka ini bila kulibonyeza. Ute hulibonyeza, ukaacha vishimo vishimo kwenye ukingo wake. Ukiona hivyo, huo ni ugonjwa wa sudomiksoma: ute umeshasambaa kwenye utando wa tumbo, na mgonjwa anahitaji timu ya saratani yenye uzoefu wa kuusafisha kabla mtu yeyote hajagusa kisu.

Kwa wanawake mtego mkubwa ni ovari. Mfuko wa maji chini kulia huitwa haraka "sisti ya ovari" na mgonjwa anapelekwa kwa daktari wa wanawake. Sheria yangu ni moja: usiite sisti ya ovari mpaka uione ovari ya kulia yenyewe, na uone mfuko umeshikana nayo. Ukiiona ovari salama pembeni, fuata mfuko ule uone kama unarudi kwenye sekamu. Kumbuka pia kwamba ute wa kidole tumbo hupenda kupandikiza uvimbe kwenye ovari, kwa hiyo uvimbe wa ute wa ovari unapaswa kukurudisha kukitazama kidole tumbo.

Na jambo hili naliomba kwa dhati: mukosili haichomwi sindano. Hakuna kunyonya maji ili kuhakikisha, hakuna kuchukua kinyama kwa sindano kupitia ngozini. Kila tundu ni njia ya ute kutoka.

Vitu vingine vya ndani havihitaji maelezo marefu. Kijiwe cha kinyesi ni doa jeupe lenye kivuli; kikiwepo pamoja na uvimbe, hatari ya kutoboka inaongezeka. Minyoo ya askaris ukiwahi kuiona hutaisahau: mistari miwili myeupe sambamba, katikati pana weusi mwembamba, na ukisubiri bila kuisogeza probu, mistari inajikunja yenyewe. Mnyoo ndani ya kidole tumbo kisichovimba si sababu ya kupasua. Mpe dawa, kisha rudia picha.

Hatua ya 5: Tazama ukuta

Kasinoidi, uvimbe wa chembe zinazotoa homoni, ndiyo uvimbe wa nchani tunaoukosa zaidi, na kusema kweli mwingi hauonekani kwa picha kwa sababu hauzidi sentimita 1. Ukibahatika unaona kinundu kidogo kinachong'aa kwa kontrasti. Kipimo chake ndicho kinachoamua matibabu: chini ya sentimita 1 kukata kidole tumbo kwa kawaida kunatosha, zaidi ya 2 mara nyingi sehemu ya utumbo mpana wa kulia huondolewa, na katikati ya hapo hutegemea jibu la patholojia. Kwa hiyo andika ukubwa kwa milimita, usiandike "kidogo".

Limfoma, saratani ya chembe za tezi za limfu, hunenepesha kidole tumbo chote lakini hukiachia umbo lake, nacho kinaweza kufika sentimita 3 na zaidi, kikiwa na tezi kubwa pembeni. Kwa mtoto wa ukanda wetu usiisahau limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliielezea mwaka 1958 kwa watoto wenye uvimbe wa taya, na tumboni nayo hupenda eneo hili la sekamu.

Kichocho kinastahili nafasi yake kwetu. Mayai yake hukaa kwenye ukuta wa kidole tumbo, yakazua makovu na wakati mwingine chokaa. Picha peke yake haikupi uhakika, lakini inaweza kukupa ushahidi wa pembeni: ukuta wa kibofu wenye chokaa kwa mtu aliyekulia Unguja, Pemba au maeneo mengine ya kichocho cha mkojo, au kuta nene nyeupe za mishipa ndani ya ini kwa mtu wa kando ya Ziwa Victoria, kulikojaa kichocho cha utumbo. Ukiandika shaka hiyo, mpatholojia atatafuta mayai, na mgonjwa atapata praziquantel, dawa ya kichocho, baada ya upasuaji badala ya kurudi nyumbani na ugonjwa wake.

Vifuko vidogo vinavyochomoza kwenye ukuta, yaani daivetikula, huonekana kama vipele vya duara upande wa mafuta yanayobeba mishipa ya damu. Vikivimba hutoboka kwa urahisi kuliko apendiksi ya kawaida, na maumivu yake hujikokota kwa siku nyingi, hivyo mgonjwa huchelewa. Endometriosisi, yaani utando wa kizazi uliojiotesha nje ya kizazi, hukaa upande wa nje wa ukuta au nchani. MRI yenye kuzima mafuta ikionyesha madoa meupe ya damu ya zamani, na maumivu yakifuata mwezi, umefika.

Kuna pia kidole tumbo kilichojipindua kikaingia ndani ya sekamu. Unaona duara ndani ya duara, na kidole tumbo ukikitafuta mahali pake hukioni. Uliza nini kimekivuta: endometriosisi, ute, au uvimbe. Mwambie daktari wa endoskopi mapema, kwa sababu kwa kamera kitu hicho hufanana na polipu, kinyama kinachoota ndani ya utumbo, na kukikata kama polipu ni kuutoboa utumbo.

Hatua ya 6: Kitafute pasipotarajiwa

Kama hukioni kulia, usiseme hakipo. Kinaweza kuwa chini ya ini, ukadhani ni nyongo. Kwa mjamzito kizazi kinaweza kukisukuma juu. Kwa aliyezaliwa na viungo vilivyogeuka, au utumbo uliokosa kuzunguka tumboni kabla ya kuzaliwa, kiko kushoto. Kwa hiyo tazama moyo na ini viko upande gani, na mishipa mikuu ya utumbo imekaaje.

Kwenye ngiri ya kinena, kidole tumbo kikiingia huitwa ngiri ya Amyand. Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 jijini London mwaka 1735, akakuta kidole tumbo ndani ya ngiri, kimetobolewa na pini, akakikata. Ndio upasuaji wa kwanza wa kuondoa kidole tumbo unaojulikana. Kikiingia kwenye ngiri ya paja huitwa ya De Garengeot. Kwa picha kazi yako ni kufuata kijibomba kilichoziba mwisho kutoka kwenye ngiri mpaka sekamu, na kusema kama kimevimba, maana usaha ukiwepo mpasuaji kwa kawaida hataweka wavu wa kuziba ngiri.

Na lile kovu: mtu aliyekatwa kidole tumbo anaweza kuugua kisiki kilichobaki, hata miaka mingi baadaye, hasa kisiki kikiwa kimezidi milimita 5. Ukiona kijibomba kifupi kinene kwenye sekamu na mafuta machafu kukizunguka, kovu lisikuzuie kusema ukweli.

Hatua ya 7: Huenda si kidole tumbo kabisa

Ukikiona kidole tumbo kizima hadi ncha nacho ni safi, endelea kutafuta. Kifuko kidogo cha mafuta kando ya utumbo mpana, chenye umbo la yai, ukingo unaong'aa na nukta katikati, ni mafuta yaliyojisokota. Huyu anahitaji dawa ya maumivu tu. Eneo kubwa zaidi la mafuta, linalozidi sentimita 5, mbele ya utumbo, ni kipande cha omentamu (pazia la mafuta linalofunika utumbo) kilichokosa damu, nacho kwa kawaida hupona bila kisu.

Mwisho wa utumbo mwembamba uliovimba na tezi nyingi huweza kuwa taifodi au maambukizi ya bakteria wa Yersinia. Kifua kikuu cha utumbo huisinyaza sekamu na kuivuta juu, kuta zikiwa nene upande mmoja kuliko mwingine, na tezi zake zina katikati nyeusi zilizozungukwa na ukingo unaong'aa. Eksirei ya kifua iliyo safi haikiondoi.

Hatua ya 8: Andika ripoti inayomsaidia mpasuaji

Ripoti nzuri ya jambo hili haizidi mistari michache. Mfano: "Kidole tumbo kimeonekana chote hadi ncha, kiko nyuma ya sekamu. Unene milimita 22. Ndani kuna ute wenye tabaka, ukuta una chokaa ya mkunjo, hakuna kinundu. Shina lake kwenye sekamu halijavimba. Mafuta ya pembeni safi, hakuna ute huru tumboni, ini halijabonyezwa, ovari zote mbili zimeonekana kando. Inaelekea ni mukosili ambayo haijapasuka. Isichomwe sindano. Itolewe bila kupasuka, na hali ya shina iamue kiasi cha kukata." Kisha mpigie simu daktari. Karatasi huchelewa.

Mgonjwa aliyetibiwa jipu la kidole tumbo kwa dawa na mrija asipotee machoni pako. Mwaka 2019 watafiti wa Finland walichapisha jaribio la Peri-APPAC kwa wagonjwa wa aina hiyo. Lilisitishwa kabla ya muda kwa sababu uvimbe wa kidole tumbo ulipatikana kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5, na wote waliokuwa nao walikuwa wamevuka miaka 40. Kwa hiyo aliyevuka umri huo mpangie kolonoskopi (kamera ya utumbo mpana) na CT ya kurudia baada ya wiki 6 hadi 8, na umweleze mpasuaji kwa nini kidole tumbo hicho ni afadhali kitoke hata kama maumivu yamekwisha.

Kikitoka, kisitupwe ndooni kwa kuwa "ni apendiksi tu". Kiwekwe kizima kwenye fomalini inayokizidi ujazo mara kumi, fomu ya patholojia iandikwe vipimo na shaka yako, na uombe ncha ikatwe kwa urefu. Kama ulishuku ute, omba kidole tumbo chote kikatwe na kuangaliwa chini ya hadubini, pamoja na ukingo wa shina.